Risala ya wanafunzi wa grafiki kwa mgeni wa heshima: afishi zetu dhidi ya biashara ya manyoya

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Bwana Mkuu wa shule, walimu wetu, baba na mama wazazi, wanafunzi wenzetu, tunawasalimu kwa heshima na kuwakaribisha.

Mheshimiwa, pale mlangoni umekanyaga karatasi iliyobandikwa sakafuni. Haikuanguka, tumeiweka makusudi. Ni afishi, bango la karatasi, la saizi ya A2, sentimita 42 kwa 59.4, yaani kama sentimita za mraba 2,495. Mapendekezo ya Baraza la Ulaya ya mwaka 1999 yanampa minki mmoja mkubwa anayefugwa kwa manyoya yake tundu lenye sakafu ya sentimita za mraba 2,550 na kimo cha sentimita 45. Ukilinganisha tundu lile na karatasi yetu, kinachozidi ni kipande kikubwa kidogo kuliko kadi ya benki. Minki ni jamaa wa kicheche na fisi-maji. Porini huogelea na kuwinda kandokando ya mito. Akifugwa kwa ajili ya koti, huzaliwa mwezi wa 4 au wa 5, hukaa juu ya waya, na huuawa kwa gesi mwezi wa 11 au wa 12, manyoya ya baridi yakishakomaa. Ndiyo maana afishi ina maneno manne tu: MAISHA YAKE YOTE HAPA. Damu hatukuchora. Mtu akiona damu hugeuza uso, na sisi tunataka ainamishe macho apime mwenyewe.

Kuna atakayeuliza: Lubumbashi na minki wapi na wapi? Jibu limo ndani ya balo za mitumba. Baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 inapoingia, jaketi kutoka Ulaya hutundikwa sokoni, na baadhi zina ukingo wa manyoya ya mbweha kwenye kofia. Muuzaji hajui, mnunuzi hajui. Afishi ya pili inafundisha kutambua. Panua manyoya kwa vidole uangalie shina: ya kweli yameota kwenye ngozi, ya bandia yameshonwa kwenye kitambaa chenye nyuzi. Tazama ncha: ya kweli huchongoka, ya bandia mara nyingi imekatwa butu. Mashaka yakibaki, chomoa nywele chache, toka nje mbali na nguo, uwashe kiberiti. Ya kweli hunuka kama nywele iliyoungua na kuwa majivu yanayosagika. Ya bandia huyeyuka na kuganda kama tone la plastiki.

Ya tatu ni ya chui, mnyama wa kwetu. Mkataba wa CITES, wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea walio hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kazi 1975, umemweka katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye ulinzi mkali kuliko vyote. Ngozi yake ni alama ya ufalme kwa wazee wetu, kwa hiyo hatukumgusa mfalme yeyote. Tumemchora anayesafirisha ngozi kwa kuiuza. Afishi inayowatukana wazee haipati hata ukuta wa kubandikwa.

Kuhusu uchoraji, tumejifunza kwa Mwenze Kibwanga, mchoraji wa karakana ya Hangar iliyoanzishwa mjini hapa mwaka 1946. Mistari yake mifupi mifupi inayofuatana inafaa manyoya kuliko picha ya kamera. Ila serigrafia, yaani kuchapa kwa kupitisha wino kwenye kitambaa kilichowambwa, ina masharti yake. Kwa kitambaa cha nyuzi 77 kwa sentimita, mstari mwembamba sana mara nyingi haufunguki, kwa hiyo manyoya huchorwa manene kuliko jicho linavyopenda. Emulsiyo, dawa inayopakwa kwenye kitambaa na kugandishwa kwa mwanga, ikipigwa mwanga kidogo, yote huondoka na maji. Ikipigwa kupita kiasi, mistari myembamba hukauka ikiwa imeziba. Wakati wa kiangazi wino wa maji hukauka ndani ya kitambaa ukiacha rakleti, kibao cha kuvutia wino, kwa dakika chache tu. Dawa yake ni kuvuta wino bila kupumzika, na kuweka kitambaa chenye unyevu karibu. Karatasi nyembamba nayo hujikunja, rangi ya pili isikae juu ya ya kwanza hata kama alama za msalaba za kupanga rangi ziko sawa. Tumekubaliana kutoshuka chini ya gramu 200 kwa mita ya mraba.

Kwa herufi, tunahesabu sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3 za umbali. Afishi ya sokoni, inayosomwa toka mita 9, ina herufi za sentimita 7.5, na hapo ndipo maneno mengi hukosa nafasi.

Mheshimiwa, tunakuomba mambo mawili. Kwanza, karatasi 400 za A2 za gramu 200, lita 3 za wino mweusi na lita 2 za kahawia. Pili, utusemee kwa wakuu wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, turuhusiwe kubandika afishi ya pili mahali balo zinapofunguliwa, kwenye kimo cha macho, kabla baridi haijaanza.

Asante sana.