Kwa nini raba yako hatuichanganyi mchana

"Fundi, ni bushi nne tu, zile raba za kupunguza mtikisiko wa gari, si mnitengenezee sasa hivi nisubiri hapo kivulini?"

Hili tunaulizwa karibu kila wiki hapa karakana yetu ya raba, hasa msimu wa korosho ukifunguka Oktoba, magari yanapoanza kupanda na kushuka njia ya Masasi na Newala. Jibu letu ni lile lile: njoo kesho. Wapo wanaodhani tunaringa.

Shida ni joto, na wala si la moto. Mpira mbichi ukikandwa katikati ya rola mbili za chuma unajipasha wenyewe kwa msuguano, ndiyo maana ndani ya rola tunapitisha maji ya kuupoza. Ukipata joto kupita kiasi unalegea, unateleza badala ya kusagika, na unga mweusi wa kaboni unabaki madonge. Mpika ugali analijua hili: donge kwenye uji mwepesi linaogelea tu, linavunjika pale mwiko unapokutana na uzito.

Hayo ni madogo. Kubwa ni salfa. Mtu wa Mtwara hahitaji kuelezwa salfa ni nini, anaipuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga. Kwenye mpira kazi yake ni kufunga nyuzi zake pamoja, ndipo raba ukiivuta inarudi. Charles Goodyear wa Marekani aligundua mwaka 1839 kwamba mpira wenye salfa ukipata joto unaiva, yaani nyuzi hizo zinafungana. Tunachotaka sisi ni uivie ndani ya moldi, kile chombo cha chuma kinachoupa umbo, kwenye nyuzi joto 150 hivi. Ukianza kuiva kwenye rola, umeharibika, na hakuna namna ya kuurudisha.

Kwa hiyo tunachanganya mara mbili. Kwanza mpira, kaboni, oksidi ya zinki na mafuta. Tunautandaza upoe kabisa. Ndipo tunarudi na salfa na kichocheo, dawa ya kuharakisha kuiva, tukilinda usifike nyuzi joto 100. Mafundi hukadiria kwamba kila zikiongezeka nyuzi 10, kuiva kunakwenda kasi karibu maradufu. Tena mpira hausahau: joto la asubuhi linajumlishwa na la jioni.

Novemba moja tulijifanya wajuaji. Mteja alikuwa na haraka, tukatia salfa saa tisa alasiri. Tenki letu liko juu, jua limelipiga tangu asubuhi, na maji yaliyoingia kwenye rola ungeweza kuyaoga bila kuyachanganya na ya baridi. Baada ya dakika chache donge la mpira likapoteza mng'ao, likaanza kuchanika pembeni kama chapati iliyokosa mafuta. Tulipolikata kwa kisu tukakuta vipunje vigumu, kama mchanga ndani ya wali. Kilo zote zile tukatupa, na mteja akaondoka bila mzigo. Kosa lilikuwa letu.

Na tulikuwa tumepima! Ila kile kipimajoto cha kumulika kama bastola kinasoma ngozi ya donge tu, ndani kunaweza kuwa na joto zaidi. Siku hizi tunachoma sindano ya kupimia hadi katikati.

Kuchanganya sasa tunaanza saa kumi na moja alfajiri, maji ya tenki yakiwa bado yamepoa. Mchana ni kazi ya moldi. Oda ikifika jioni, inaingia kwenye rola asubuhi inayofuata.

Ukija, leta raba ya zamani hata kama imekatika vipande, na utuambie inagusana na nini. Bushi ya gari ni jambo moja. Sili, raba ya kuzuia uvujaji, ya pampu ya dizeli, au ya mashine inayopitisha mafuta ya maganda ya korosho, ni jambo jingine, maana mpira wa asili ukikaa kwenye mafuta unavimba. Hiyo inataka nitraili, mpira wa kiwandani unaohimili mafuta, na nitraili ni ngumu kukanda, inajipasha upesi kuliko mpira wa kawaida. Tunaichanganya kwa mafungu madogo madogo, kwa hiyo hapo usishangae ukiambiwa keshokutwa.