Mdogo wangu wa Nzuguni, vumbi la Dom halisubiri Jumamosi

Mdogo wangu,

Nimeona nikuandikie hapa hapa hadharani maana kwenye simu ukiona jina langu tu unajua ni mambo ya fagio, unapokea unasema "dada nipo kikaoni ntakupigia", na huu ni mwezi wa pili hicho kikao hakijaisha. Jina lako sitaji. Atakayejua ni wewe basi ujue alishafika kwako akajionea.

Ile Jumapili niliyopita kwako bila taarifa, nimepiga hodi nasikia "karibuuu, subiri kidogo tu dada", alafu miguu inakimbia, mlango wa chumbani unabamizwa, kuna kitu cha bati kikaanguka, shemeji akasema "shhh". Nimesimama pale nje dakika tano nzima natazamana na kuku wa jirani. Nilivyoingia sebule iko safi kabisa, mpaka vitambaa vya makochi vimenyooshwa. Ila nilipoomba nikamlaze mtoto chumbani sura yako ikabadilika nikajua tayari, sebule yote imehamia kitandani. Wagogo wanasimulia Dodoma imetokana na Idodomya, pale tembo alipodidimia. Kwako aliyedidimia ni kitanda.

Sikucheki ujue. Mimi yalinikuta makubwa zaidi. Zamani mtu akitoka Dar kwa basi ilikuwa safari ya siku nzima, anakupigia akiwa Morogoro, unapata muda wa kudeki mpaka dari ukitaka. Sasa hivi kuna treni ya SGR, mama mkwe wangu asubuhi alikuwa anakunywa chai kwake Dar, mchana ananipigia ameshashuka stesheni anauliza bajaji ya kuja kwangu ni shilingi ngapi. Na mimi nyumbani vyombo vya juzi, nguo zimejaa kochi la watu watatu, maji yamekatika. Alivyoingia hakusema kitu, alikunja kanga akaanza kuosha vyombo kwa maji ya dumu. Bora angenitukana aisee. Toka siku hiyo ndo nikaanza haya ninayotaka kukwambia.

Shida yako sio uvivu, nakujua tangu mdogo. Shida yako umekuja na ratiba ya Dar. Unasubiri Jumamosi ndo ufanye usafi mkubwa, unashinda umeinama toka asubuhi hadi saa nane, mgongo unauma, unamfokea kila mtu, Jumapili nyumba inang'aa, Jumatano imerudi pale pale, unakata tamaa unasema nyumba imekushinda. Hapa mvua zetu ni hizo za Desemba mpaka Aprili basi, zikikata udongo unakauka, na kuanzia Juni huo upepo unaubeba unauleta ndani kwako kila siku bila likizo. Tena Nzuguni kwenu viwanja bado vinajengwa, kila lori la mchanga likipita ni zawadi yako. Sasa kitu kinachoingia kila siku utakitoaje mara moja kwa wiki?

Mi natumia dakika kumi asubuhi na kama kumi na tano jioni, basi. Na sianzi na fagio, naanza na birika. Nikishabandika chai, mpaka ichemke nimetandika kitanda, nimekusanya vikombe vya usiku nimepeleka jikoni, nimefungua madirisha. Madirisha yenyewe yana saa zake huku, nafungua alfajiri upepo ukiwa bado umelala, nikitoka kwenda kazini nafunga yote, maana ukikukuta upepo wa mchana na dirisha wazi utakuta meza unaweza kuandikia jina lako kwa kidole.

Alafu lile brashi lako la manyoya la kupangusia tivii, litupe. Linarusha vumbi tu linakaa hewani linakusubiri ukae linarudi. Chukua kitambaa cha pamba, fulana ya shemeji iliyokwisha inafaa, lowesha, kamua mpaka isidondoshe maji, pitisha meza, tivii stendi na ukingo wa dirisha. Anza juu shuka chini, sakafu iwe ya mwisho. Nje kabla hujafagia uwanja nyunyizia maji kidogo kwa mkono kama bibi alivyokuwa anafanya, tulikuwa tunamcheka kumbe alikuwa anajua, fagio la chelewa kwenye udongo mkavu ni kumhamishia jirani vumbi na lenyewe litarudi kwako. Mlangoni weka gunia au tambara zito la kufutia miguu, viatu vyote viishie barazani, na hapo usimwonee mtu haya hata awe bosi wako wa Mtumba kwenye mji wa serikali, avue. Hii ya viatu peke yake imenipunguzia kazi kuliko sabuni zote nilizowahi kununua.

Jioni ni vyombo, hapo sina msamaha. Vyombo visilale. Sufuria ya ugali ukishapakua tu mwagia maji hapo hapo, ukimaliza kula ukoko umeachia wenyewe unautoa kwa mwiko, ukiiacha mpaka asubuhi utapigana nayo na stilwaya mpaka kucha ziishe. Na bakuli la mlenda ndo usiseme, ukiwa wa moto unateleza wenyewe kooni, ukikauka umekuwa gundi ya fundi viatu. Jiko la gesi lipanguse likiwa na uvuguvugu, usisubiri mafuta yagande. Mende wanafuata hayo makombo ya usiku pamoja na maji maji ya kwenye sinki, ukifuta sinki likalala kavu na ndoo ya taka ikatoka nje utaona wanavyopungua, wewe unamaliza hela kwenye dawa ya kupuliza huku umewaandalia chakula cha jioni.

Najua utasema maji. Mgao ni mgao, hata kwangu kuna siku yanatoka saa nane za usiku. Ndo maana nasema kidogo kidogo, usafi wa Jumamosi unakula madumu sita ya maji kwa mpigo, huu wa kila siku ndoo moja inatosha. Maji ya suuza ya mwisho ya nguo usimwage, ndo ya kudekia, na ukishadeki yanaenda chooni. Ila simtanki na ndoo zote funika, kabisa kabisa, mbu akitaga humo haichukui hata wiki mbili amekuwa mbu kamili anakutafuta. Na ule ukungu mweupe kwenye birika lako sio uchafu wako mdogo wangu, ni maji yetu ya visima yana madini mengi, chemsha humo maji na limau au siki kidogo, acha yapoe, suuza, linatoka. Siki hiyo isije ikakutana na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, usichanganye kabisa, inatoa hewa ya sumu, kuna dada mmoja mtaani kwetu alichanganya akidhani choo kitang'aa mara mbili, tulimtoa anakohoa machozi yanamtoka.

Sasa kile kiti.

Usijifanye hujui kiti gani. Kile cha chumbani chenye nguo ambazo sio chafu za kufua na sio safi za kurudisha kabatini. Nilikiona siku ile, mgongo wake hauonekani kabisa, ni mlima kama ule wa Simba pale mjini. Kila nyumba ina kiti hicho, hata kwa wachungaji. Mi nilichofanya nilikitoa chumbani, nikamwambia fundi apige misumari minne nyuma ya mlango. Minne tu. Ikijaa lazima moja ifuliwe au irudi kabatini, hamna pa kuongezea. Wiki ya kwanza nguo zilikuwa zinatupwa chini pale kiti kilipokuwa, yaani mtu anarusha kwa mazoea, baadae wakazoea.

Nimesema wakazoea maana sifanyi peke yangu, na hapa shemeji asome pia. Kwangu taarifa ya habari ya saa mbili haiangaliwi mpaka kila mtu amemaliza kitu chake. Huyu wangu wa miaka sita anapanga viatu, anapanga kushoto kushoto lakini anapanga. Mkubwa anatoa taka. Baba yao anafuta meza na kukunja nguo zilizoanuliwa, mwanzoni alikuwa anakunja kama anafunga chapati na nilinyamaza, ukimsahihisha mwanaume kwenye kukunja nguo umemwachisha kazi. Dakika kumi, tivii inawashwa, tunakaa. Vitu vikubwa kama nyavu za madirisha, feni, nyuma ya kabati, nachukua kimoja kwa siku nikiwa na nguvu, nisipokuwa nayo siku hiyo imepita na sijilaumu.

Maana ziko siku hazifanyiki. Mwezi wa nane mtoto aliugua wiki nzima, nyumba ilikuwa jalala, wala sikuanza kufidia za nyuma, nilianza na kitanda asubuhi iliyofuata nikaishia hapo. Na wale wa mtandaoni wenye jikoni zenye makopo ya kioo yaliyoandikwa chumvi, sukari, achana nao. Sukari yangu iko kwenye kopo la maziwa ya unga na inajulikana.

Usinunue kitu. Anza kesho na kitanda na sufuria ya ugali, hivyo viwili tu mpaka wiki iishe, alafu ongeza dirisha.

Mwezi ujao narudi huko kuleta zabibu, watu wa Hombolo wananivunia. Sitapiga simu. Ntabisha hodi na ntahesabu ni dakika ngapi, na chumbani ntaingia moja kwa moja kumlaza mtoto, kwahiyo kile kiti usije ukakihamishia bafuni.

Msalimie shemeji, mwambie nilisikia ile "shhh".

Dada yako wa Nkuhungu