Jumamosi tuje na mawazo mapya

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi hii hatutasoma makala ya mtu. Kila mmoja aje na wazo lake la utafiti wa kompyuta, dakika tano, bila slaidi.

Naomba tuthubutu. Masakhane, mtandao wa watafiti wa lugha za Afrika, ilianza 2019 kwa watu wa kujitolea waliotaka kompyuta itafsiri lugha za Afrika. Kufikia 2021 walishatoa MasakhaNER, data ya kutambua majina ya watu, mahali na taasisi katika lugha 10, Kiswahili kikiwemo. Wazungumzaji wenyewe ndio walioyawekea majina hayo alama ndani ya sentensi.

Kwetu kazi bado ipo tele. Nani amempa bibi wa Pemba programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi aone inamwelewa kiasi gani? Au kuijaribu ndani ya daladala, konda anaita vituo, injini inanguruma? Hilo peke yake ni utafiti kamili, na wa kuanzia ni simu tu.

Nafasi za kuwasilisha zipo pia: Deep Learning Indaba, mkutano wa Afrika wa akili bandia, imeshafika Nairobi 2019 na Kigali 2025, na wanafunzi huonyesha kazi zao kwa mabango.

Nitumieni wazo inboksi kufikia Alhamisi. Anayeona haya kusimama, tutaliandaa pamoja kwanza.