Tuwatuze wanaowafuatilia wagonjwa wa rovu

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu tuzo na ruzuku za utafiti zinazotolewa na chama cha wapasuaji wa tezi za homoni cha Marekani, nami naona kwamba Pwani nayo inahitaji tuzo ya aina hiyo.

Upasuaji wa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi iliyo shingoni, hutaka uangalifu mkubwa, kwani nyuma ya tezi hiyo hupita neva nyembamba ya sauti, na kando yake vimo vitezi vinne, kila kimoja kadiri ya punje ya mchele, vinavyodhibiti kalsiamu; vikidhurika, vidole vya mgonjwa hufa ganzi na misuli hukakamaa. Theodor Kocher wa Uswisi, aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii, aliwachunguza upya wagonjwa wake, na mwaka 1883 akaeleza kwamba wengi waliotolewa tezi nzima walizorota mwili na akili. Ufuatiliaji huo, kwa maoni yangu, unastahili kutuzwa kuliko wingi wa operesheni.

Naiomba Serikali ya Kaunti ya Mombasa itenge ruzuku ya kila mwaka kwa daktari kijana atakayewafuatilia waliopasuliwa rovu, kuanzia Likoni hadi Kisauni, na matokeo yachapishwe hata yasipopendeza.

Msomaji wenu,
Tudor, Mombasa