Mapishi ya chili yaliyotafsiriwa vibaya yarekebishwe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie chili, ile nyama ya ng'ombe inayopikwa na maharage mekundu na viungo, asili yake Texas, Marekani. Mapishi yake yanazidi kusambaa kwa Kiswahili, lakini mengi yametafsiriwa neno kwa neno. Tafsiri hizo zinaharibu chakula, na kuna kosa moja linaloweza kumlaza mtu hospitali.

Nianze na pilipili. Mapishi ya Marekani hutaka vijiko viwili au vitatu vya chakula vya unga wa chili. Unga huo si pilipili tupu. Ni mchanganyiko wa pilipili kavu zisizo kali sana, bizari nyembamba, oregano (majani makavu ya kiungo) na kitunguu saumu. Mfasiri anapoandika "pilipili ya unga", msomaji ananunua pilipili kichaa iliyosagwa, anatia vijiko vitatu, na sufuria nzima haiingii mdomoni. Kwa kilo moja ya nyama, tia paprika (unga wa pilipili nyekundu zisizo kali) vijiko 2 vya chakula, bizari nyembamba iliyosagwa kijiko 1 cha chakula, oregano kijiko 1 cha chai na pilipili kali nusu kijiko cha chai. Sokoni itaje bizari kwa jina lake kamili. Ukisema bizari tu unaweza kupimiwa ya manjano.

Kosa la hatari liko kwenye maharage. Mapishi ya kule husema "makopo mawili ya maharage", na hayo ya kopo yameshaiva kiwandani. Mpishi wa huku anatia maharage mabichi pamoja na nyama na nyanya, kisha anaacha moto mdogo. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, aina ya lektini, ambayo moto wa taratibu hauiui. Anayeyala hutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Loweka gramu 250 usiku kucha, mwaga maji yale, tia mapya, kisha chemsha yatokote kwa nguvu si chini ya dakika 10 ndipo upunguze moto. Wanaotumia jiko kikapu au sufuria ya umeme ya kupika polepole wasiiruke hatua hii hata kidogo.

Nyanya nazo zisikutane na maharage ambayo hayajalainika. Uchachu wake hukaza ganda, na utachochea saa tatu yakiwa bado yanagonga jino. Yaive kwanza, saa moja hadi moja na nusu, na mchuzi wake usiumwage. Magadi yanasaidia, lakini yakizidi ncha ya kijiko chakula kinanukia sabuni. Maharage yaliyokaa ghalani miaka hayalainiki vizuri hata uyafanyeje.

Kwa nyama, chagua ya bega au shingo, si steki laini, kwa sababu ile yenye nyuzi ndiyo inayolegea na kuupa mchuzi uzito. Kata vipande vya sentimita 2, vikaushe kwa kitambaa, kisha kaanga kidogo kidogo kwenye sufuria zito bila kufunika. Ukimimina kilo nzima kwa pamoja itatoa maji, ichemke, igeuke kijivu. Unachotaka ni kahawia iliyokoza na ukoko mwembamba chini ya sufuria, maana humo ndimo ilimo ladha.

Toa nyama, kaanga vitunguu maji viwili vikubwa hadi vilainike, tia punje 5 za kitunguu saumu, halafu viungo. Hapa usiondoke jikoni: nusu dakika inatosha, harufu ikipanda tu, kwani paprika ikiungua inakuwa chungu na hakuna dawa. Fuata mara moja na nyanya ya kopo nzito vijiko 2 vya chakula, igeuke rangi ya tofali, kisha nusu kilo ya nyanya zilizokatwa. Kwangua ule ukoko uyeyuke. Rudisha nyama, ongeza maji ya kuifunika tu na chumvi kijiko 1 cha chai, iache ichemke taratibu saa moja na nusu hadi mbili. Ya kusaga inatosheka na dakika 45.

Maharage yanaingia nusu saa ya mwisho na mchuzi wake kiasi. Ikiwa nyepesi, ponda upawa mmoja wa maharage urudishe. Unga wa ngano unaifanya iwe kama gundi. Onja chumvi, kamulia nusu ndimu. Ikilala kwenye friji, kesho yake viungo vinakuwa vimekolea zaidi.

Texas kwenyewe, ambako chili ni chakula rasmi cha jimbo tangu 1977, wengi hawataki kusikia habari za maharage ndani yake. Siwafuati katika hilo. Maharage yanaifanya kilo moja itoshe watu wanane, na kwa ugali yanashibisha vizuri.

Naomba basi, mapishi haya yakichapishwa tena, "pilipili ya unga" iondolewe na zile dakika 10 za kuchemsha maharage ziandikwe kwa herufi nzito.

Msomaji wako,
Arusha