Nafasi ya nne, na ule mkono mdomoni

Mhariri,

Mihtasari mingi ya Kombe la Afrika la Ivory Coast inatupitisha kwa mstari mmoja: Kongo, nafasi ya nne. Hesabu ndiyo hiyo, sikatai. Lakini sisi wa Goma tuliona mengine.

Leopards, timu yetu ya taifa, walitoka sare mechi zote tatu za kundi, wakavuka (jirani yangu aliwabandika jina la Sare-Sare). Kisha Misri: 1-1, penalti. Kipa wao Gabaski akagonga mwamba. Akaja kipa wetu, Lionel Mpasi, akatia yake, 8-7. Pale Birere tulipokuwa tumebanana jenereta ilizimika papo hapo, na hakuna aliyejali. Tulikuwa tumeshamwagika barabarani, usiku wa manane, mmoja kavaa kiatu kimoja. Guinea tukawapiga 3-1.

Nusu fainali, tarehe 7 Februari 2024, bao la Haller wa Ivory Coast likatutoa. Wenyeji, waliokwisha kupigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, wakaishia kubeba kombe mbele ya Nigeria, 2-1. Hongera zao.

Mimi nimebaki na wimbo wa taifa wa jioni ile: wachezaji wetu mkono mmoja mdomoni, vidole viwili kichwani kama bastola, kupinga ukimya juu ya mauaji ya huku mashariki. Vita vilikuwa upande wa Sake, hapa jirani. Mama, asiyejua kuotea ni nini, alisimama mbele ya televisheni, naye akafunika mdomo.

Picha hiyo muichapishe tena, ukurasa wa mbele, kubwa.

Msomaji wenu,
Goma