Chungu chako kilichopasuka

Mwanangu Neema,

Sisi hapa Ikombe hatujambo, ila mvua haikatiki. Wiki ya pili hii hatujachoma, vyungu vyote nimevipandisha darini juu ya meko, na Jumamosi hii sina cha kupakia mtumbwini kwenda mnadani Matema.

Nimesikia habari ya chungu chako. Usililaumu tanuri. Umesema ulikikausha siku mbili, nacho kitako chake kinene vile! Nje kilikauka, ndani kilikuwa na maji bado. Joto likipanda haraka, maji hayo hugeuka mvuke, mvuke ukikosa pa kutokea hupasua ukuta. Wengi husingizia hewa. Kinachopasua ni maji. Siku nyingine kiguse kwa shavu: ukisikia ubaridi, bado. Na mdomo ufunike kitambaa, kwa kuwa ni mwembamba. Ukitangulia kukauka, utasinyaa peke yake na kuleta ufa.

Kanda sana, toa kila kijiwe. Unapopandisha kamba ya udongo juu ya kamba, chanja zote mbili, paka uji wa udongo, kisha kandamiza ndani na nje mpaka usijue kamba iliishia wapi. Maungio ndiyo niliyohangaika nayo zaidi nikiwa msichana. Bibi yako alinibomolea vyungu sijui vingapi.

Usinung'unike kwamba zamu ya gurudumu la kufinyangia haikufikii. Yule mfinyanzi Magdalene Odundo uliyenitumia picha za vyungu vyake, mzaliwa wa Nairobi, alisoma Uingereza, lakini miaka ya 1970 alikwenda Abuja ya zamani, siku hizi Suleja, huko Nigeria, akajifunza kwa wanawake wanaofinyanga kwa mikono, na hadi leo vyungu vyake anavijenga kwa mikono. Nilizitazama picha zile usiku kucha. Ule weusi si rangi ya kupaka, mwanangu, ni moto ulionyimwa hewa, moshi ukaingia udongoni. Na mng'ao ule ni wa kusugua.

Kwa hiyo nimempa mjomba wako kokoto ya bibi, atakuletea akija Dar. Usiitumie udongo ukiwa mbichi, itachimba. Ngoja ukakamae, kucha ikipita iache alama ndogo, ndipo uanze kusugua, taratibu, kuanzia mdomoni. Usiiazime mtu.

Mama yako